Sukari Inaposhuka Mimba Ikiwa Changa

Tuchukue mama mwenye kisukari, mimba ya wiki 10, anayeishi Kamembe hapa Rusizi, Rwanda. Alfajiri amejidunga insulini kama alivyozoea, akanywa chai, akaitapika, kisha akajitwika beseni la nyanya kuelekea mpaka wa Bukavu. Kabla hajafika kwenye daraja la mpakani magoti yanalegea, jasho la baridi linamtiririka, anajibu asichoulizwa. Wapita njia watasema ni uchovu wa mimba, kumbe sukari imeshuka.

Kliniki tunaonywa sana kuhusu sukari kupanda, na ni haki, maana humdhuru mtoto tumboni. Kushuka hakuzungumziwi vya kutosha. Kwa anayetumia insulini, hasa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hatari hiyo huwa kubwa zaidi mimba ikiwa changa. Kati ya wiki ya 8 na ya 16 hivi, mwili huitikia insulini kwa wepesi zaidi, huku kichefuchefu kikimnyima chakula. Dozi iliyomtosha mwezi uliopita sasa inamzidi. Baadaye homoni za kondo hugeuza mambo: mahitaji ya insulini hupanda, pengine hata maradufu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huacha kuhisi dalili. Hatetemeki, moyo haumwendi mbio; anapoteza fahamu tu. Ndiyo maana mume na mama mkwe wafundishwe pamoja naye, wasiachwe kwenye benchi la nje.

Kipimo kikionyesha chini ya miligramu 70 kwa desilita (milimoli 3.9 kwa lita), akoroge vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, apime tena baada ya dakika 15. Ikipanda, ale ndizi ya kupikwa au muhogo. Akizimia, asitiwe kitu mdomoni: alazwe ubavu wa kushoto, akimbizwe hospitali, Gihundwe au Mibilizi, yoyote iliyo karibu. Akipata degedege, watu hudhani ni kifafa cha mimba au mashetani. Sukari ipimwe hapohapo.

Insulini asiiache kwa hofu, kwani damu inaweza kujaa asidi. Dozi ipangwe upya na daktari.

Kondo likishatoka, mahitaji hushuka ghafla, na kunyonyesha huishusha sukari zaidi. Usiku, kabla ya kumweka mtoto titini, mama atafune kitu.