Somo la haki lianzie jikoni kwa paroko

Ukimuuliza katekista mzoefu kanuni za Mafundisho ya Jamii ya Kanisa, atakutajia bila kusita: utu wa mtu, manufaa ya wote, mshikamano, auni. Muulize sasa mpishi wa nyumba ya mapadre analipwa shilingi ngapi kwa mwezi, na kama amewahi kupewa likizo. Wanasemina wataanza kutazamana. Nimeendesha semina za namna hiyo vya kutosha kujua kwamba tunaposema hatuna vitabu vya kufundishia haki, tunalalamikia kitu ambacho hakijatupungukia sana.

Vitabu vipo. Tangu Papa Leo XIII atoe waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, hati zimefuatana: Mater et Magistra mwaka 1961, Populorum Progressio mwaka 1967, Laborem Exercens mwaka 1981, Laudato Si' mwaka 2015. Mwaka 2004 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilizikusanya hoja zake kuu katika Kompendio moja yenye aya 583, na mwaka 2016 ikatoka DOCAT, iliyoyaweka mafundisho hayo katika maswali na majibu kwa ajili ya vijana. Kompendio ni kitabu kizuri kwa mwalimu anayeandaa somo. Ukimkabidhi mama wa jumuiya aliyetoka shambani jioni hiyo hiyo, umempa tofali alibebe hadi nyumbani.

Njia ya kufundishia nayo ni ya siku nyingi. Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1882, aliona jinsi wenzake wa shule ya msingi walioingia viwandani wakiwa wadogo walivyoliacha Kanisa, na jinsi walivyomtazama yeye mseminari kama mtu aliyehamia upande wa wakubwa. Mwaka 1925 alianzisha chama cha vijana wafanyakazi chenye utaratibu wa hatua tatu: ona, amua, tenda. Vijana wachunguze wenyewe mambo ya kazini kwao, wayapime kwa Injili, kisha wafanye jambo. Yohane XXIII alizipitisha hatua hizo katika Mater et Magistra. Vijana wetu wa Tanzania, VIWAWA, na wanafunzi Wakatoliki wa TYCS ni wa ukoo huo huo, ingawa siku hizi ukihudhuria mikutano yao utasikia zaidi habari za kwaya, sare na hija.

Kasoro ninayoikuta karibu kila mahali ni kwamba "ona" hupewa dakika tano. Kiongozi anasema, "Tunajua wote kwamba kuna dhuluma katika jamii yetu," kisha anafungua Biblia. Hakuna aliyeona chochote.

Wakenya wametuachia mfano mzuri wa kurekebisha hilo. Kila mwaka Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, chenye mada tano kwa majuma matano, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kila juma lina mchoro, kisa, uchambuzi wa hali ilivyo nchini, masomo ya Dominika na maswali ya kujadiliwa. Kinasomwa shuleni na katika jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Kwa maoni yangu mchoro ndio wenye thamani kuliko yote yaliyomo, na ndio unaorukwa. Watu huuchukulia kama pambo la ukurasa.

Anne Hope na Sally Timmel, waliofanya kazi ya mafunzo Kenya miaka ya 1970, walieleza vizuri kazi ya picha kama hiyo katika vitabu vyao vya Training for Transformation, vilivyotolewa na Mambo Press ya Gweru, Zimbabwe, mwaka 1984. Walimfuata Mbrazili Paulo Freire. Picha ionyeshe tatizo ambalo watu wanaishi nalo, isionyeshe ufumbuzi, na mwalimu asilifafanue. Aulize tu: mnaona nini? Kwa nini inatokea hivyo? Na huku kwetu hutokea? Inaleta madhara gani, na chanzo chake ni nini? Swali la tufanye nini huja mwisho kabisa.

Mchoro ninaoutumia mara nyingi ni wa dada wa kazi. Saa ya ukutani inaonyesha saa tano usiku. Msichana anaosha vyombo, mtoto amelala mgongoni mwake, na mlango ulio wazi unaonyesha familia sebuleni ikitazama televisheni. Juu ya televisheni pana msalaba. Huo niliomba uchorwe makusudi. Mwanzoni watu hucheka. Kisha mtu mmoja anasema yule binti hajala, mwingine anabisha kwamba amekula, ila hakuketi mezani. Baada ya robo saa hakuna tena anayezungumzia picha. Wanazungumzia majumbani mwao.

Hapo ndipo ninapotoa kifaa kisichouzwa katika duka lolote la vitabu vya dini: nakala ya kurasa chache za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Naambatanisha amri ya kima cha chini cha mshahara, ambayo ina viwango vya wafanyakazi wa nyumbani. Tunapiga hesabu ubaoni, kuanzia anapoamka kuwasha jiko hadi anapozima taa.

Lazima atasimama mama mmoja: "Lakini mwalimu, mbona tulikubaliana naye, na mwenyewe aliridhika?" Swali hilo Leo XIII alilijibu miaka zaidi ya 130 iliyopita. Alisema ipo haki iliyo juu ya makubaliano: anayekubali ujira mdogo kwa sababu ya shida na woga amedhulumiwa, hata kama alitamka ndiyo. Ukiusoma waraka wakati huo, pamoja na Yakobo sura ya 5 juu ya ujira uliozuiliwa, watu wanauelewa bila maelezo marefu. Ukiusoma mwanzoni mwa semina, wanasinzia.

Kisha lifuate swali gumu zaidi. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikiri kwamba anayetaka kuwahubiria wengine haki sharti awe mwenye haki machoni pao, na ikataja moja kwa moja stahili za wale wanaolitumikia Kanisa. Parokia ina mlinzi, mpishi, mtunza bustani, pengine walimu wa chekechea, na katekista anayezunguka vigango kwa baiskeli yake mwenyewe. Nimeona somo zima likianguka kwa sababu vijana walikuwa wanajua mlinzi wa kanisa hajalipwa miezi miwili. Hawakusema kitu. Walijadili, wakasali, wakaondoka. Paroko anayetaka somo hili lifanikiwe apitie kwanza mikataba ya watu wake. Pesa ikiwa haitoshi, aieleze halmashauri walei, wapange pamoja.

Shuleni pana kikwazo kingine, mtihani. Muhtasari wa Elimu ya Dini ya Kikristo wa kidato cha nne Kenya una mada za kazi, mali, fedha na umaskini, pamoja na sheria, utaratibu na haki. Mada nzuri kabisa, lakini zinafundishwa kwa ajili ya "taja sababu tano". Mwalimu simlaumu, naye anapimwa kwa alama hizo hizo. Ila hakuna kinachomzuia kuwatuma wanafunzi wamhoji mpishi wa shule juu ya siku yake ya kazi kabla ya kukariri sababu tano. Amwarifu tu mkuu wa shule mapema, maana majibu ya mpishi yanaweza kufika mbali.

Wapo watakaosema kuuliza maswali ya namna hii ni siasa. Katika vijiji vya Tanzania, kuuliza mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji ni haki ya mwanakijiji, na Mkristo hapotezi haki hiyo kwa kubatizwa.

Hatua ya kutenda nayo haihitaji kitabu. Katibu wa jumuiya aandike katika daftari nani atafanya nini na lini, na mkutano unaofuata uanze kwa kulisoma. "Tuendelee kuwaombea" isiandikwe safu hiyo. Ina mahali pake katika sala ya kufungia.

Kwa parokia inayoanza, ningeweka ndani ya faili moja michoro mitatu ya mchoraji wa hapo hapo mtaani, kurasa za sheria ya ajira, viwango vya mshahara vya sasa, sehemu ya Rerum Novarum kuhusu ujira, na karatasi ya maswali. Ni kurasa kumi na kitu hivi, na stesheneri yoyote ya mjini inazitoa kwa asubuhi moja.