Mpiga Dramu wa Les Wanyika: Kipaji au Bahati?

Juma lililopita, hapa Wasso, kikao cha vijana kilichoitwa kupanga burudani ya mapokezi ya Mwenge wa Uhuru kiligeuka ghafla kuwa baraza la kesi. Kikundi chetu cha muziki kina seti moja tu ya dramu, nayo inadaiwa na vijana wawili. Wa kwanza ameipiga kwa miaka minne, tangu ilipokuwa imechanika na kuzibwa kwa mpira wa baiskeli. Wa pili amerejea mwaka huu kutoka Arusha mjini; ana mikono myepesi, hurusha vijiti hewani na kuvidaka, na akina dada humpigia vigelegele.

Waliomtetea huyu wa pili walidai kwamba mwenzake hana lolote ila bahati: alikuwepo kikundi kilipoanzishwa, basi. Mzee mmoja anayeheshimika akaongeza kuwa wapiga dramu wote ndivyo walivyo, hubebwa na waimbaji kama kupe anavyobebwa na ng'ombe. Akatoa mfano wa Rashid Juma wa bendi ya Les Wanyika. Nani angemjua, aliuliza, lau si sauti ya John Ngereza? Watu wakaangua kicheko. Mimi niliyekuwa mwenyekiti nilicheka pia, kisha nikaahirisha uamuzi. Tangu siku hiyo nafsi yangu haijatulia, kwa kuwa nilicheka kabla ya kupima.

Basi na tupime. Mwaka 1970 Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George, wazaliwa wa Tanga waliokwisha kupigia Jamhuri Jazz, walifika Arusha na kuanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Mombasa, na baadaye Nairobi, ambako bendi yao ilivuma kwa jina la Simba Wanyika, jina ambalo mtu wa Ngorongoro hana haja ya kufasiriwa. Wenye bendi walikuwa ndugu hao: ndio waliotunga, ndio walioimba, ndio waliosimama mbele. Nyuma yao walikuwepo Omari Shabani kwenye gitaa la rithimu, Tom Malanga kwenye besi, na Rashid Juma kwenye dramu.

Mwaka 1978 watu wa nyuma waliondoka. Jambo hili halitokei mara nyingi katika muziki wa dansi, kwani desturi ni mwimbaji kugombana na kiongozi na kwenda zake, na wapigaji kubaki wakimsubiri mwimbaji mwingine. Safari hii walioondoka ni rithimu, besi na dramu, pamoja na mwimbaji Issa Juma. Wakampata John Ngereza kutoka bendi nyingine, wakafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha wakaanza kupiga katika ukumbi wa Garden Square jijini Nairobi kwa jina la Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa uliienea Afrika Mashariki yote. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983, lakini wimbo hauombi kibali. Wazee wa Loliondo husimulia hadi leo jinsi walivyoupokea kwa redio za mkulima, wakati gunia la mahindi lisingeweza kuvuka kihalali.

Sasa namrudia mzee wangu na kupe wake. Kama Rashid Juma alikuwa kupe, ng'ombe alibaki kwa akina Kinyonga. Iweje basi kupe aliyeshuka aonekane amenona?

Najua pingamizi litakalotolewa, nami nalikubali kwa sehemu. Rashid Juma hakuondoka peke yake; alikuwa na Malanga na Shabani, na huko mbele akampata Ngereza. Tena Simba Wanyika haikufa. Iliendelea kutoa nyimbo zilizopendwa katika miaka ya 1980, dramu ikipigwa na wengine. Kwa hiyo asiyesema kweli ni yule atakayedai kuwa mpiga dramu mmoja ndiye aliyeibeba bendi. Ila nawasihi wanaobisha wausikilize tena Sina Makosa, safari hii wakimwacha mwimbaji aende zake na kutega sikio chini. Magitaa yanajibizana kwa upole, besi inatembea, na dramu haina papara hata mara moja. Inapiga kidogo, na hicho kidogo kinakaa mahali pake mwanzo hadi mwisho. Mwenye kudhani ni kazi rahisi na ajaribu kwa dakika tano bila kuongeza mwendo.

Kesi ya namna hii imesikilizwa Uingereza kwa zaidi ya miaka sitini, mshtakiwa akiwa Ringo Starr wa The Beatles. Yeye kweli alipata bahati. Alijiunga Agosti 1962, siku chache baada ya Pete Best kuondolewa, Best aliyekuwa amepiga na wenzake tangu mwaka 1960, naye akaukosa utajiri uliokuwa mlangoni. Sijapata kusoma maelezo ya kunitosheleza kwamba alitendewa haki kwa namna alivyofukuzwa. Hata Ringo mwenyewe alionja: Septemba mwaka huohuo mtayarishaji alileta mpiga dramu wa kukodi, na Ringo akapewa tari. Aliyekwisha kupigia bendi nyingine ya Liverpool na kwenda nayo hadi Hamburg alikaa pembeni akitikisa tari, bila kususa. Na ile kejeli kwamba hakuwa hata mpiga dramu bora ndani ya bendi yake, ambayo husingiziwa John Lennon? Mtafiti Mark Lewisohn aliifuatilia akaikuta katika kipindi cha vichekesho cha BBC cha mwaka 1981, Lennon akiwa amekwisha kuuawa mwezi Desemba 1980. Watu walicheka, na kicheko kikageuka ushahidi. Hapo ndipo nilipokikumbuka kikao chetu.

Nikakumbuka pia chuoni Kondoa nilipokuwa mtoto. Usiku wa maulidi tulipewa madufu, na kila mmoja wetu alitaka kulipiga lile la kuchanganya, lenye mapigo mengi. Dufu la kushikilia mwendo lilipewa mtoto mmoja mkimya, nasi tukamhurumia. Usiku mmoja aliugua homa, nikapewa mimi. Kabla kaswida ya kwanza haijafika katikati waimbaji walikuwa mbio kama watu wanaofukuzwa na mvua. Maalimu hakunichapa. Alinyoosha mkono tu, akalichukua dufu na kulipiga mwenyewe hadi alfajiri.

Majirani zetu Wamaasai huimba bila ngoma, na hapo jambo lenyewe huonekana wazi zaidi: mwimbishaji, ambaye wao humwita olaranyani, hupaza sauti juu, lakini wale wanaonguruma kwa koo chini yake wakipoteza mwendo hana pa kukanyaga. Mzee aliyetuchekesha amezaliwa katika uimbaji huo, na ndiyo sababu nimeshangaa.

Kikao kitakaa tena Jumamosi. Nimeagiza kila kijana apige nyimbo tatu, waimbaji wakiwa wamempa mgongo ili vijiti vya hewani visionekane. Watakaoulizwa baadaye ni waimbaji hao, si watazamaji. Na mzee wangu nimemwomba aje, nami nitaketi kando yake.