Suluhu ya Karafuu

Biashara haikosi ugomvi. Mwenye akili ni yule ajuaye kuumaliza. Yatazameni mambo ya Unguja. Katika mwaka 1937 sheria mpya ilikipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara ya kuzipeleka ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kihindi, walioishika kazi hiyo tangu zamani, wakaona wamenyang'anywa riziki, wakagoma; na huko Bara Hindi, lililokuwa soko kubwa la karafuu, watu wakazisusia. Fahali wawili wakipigana, nyasi huumia; nayo nyasi hapo ilikuwa mkulima, ambaye mazao yake yalipungukiwa na soko.

Mwaka 1938 wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wakapatana. Kila upande ulishika lile ulilolihitaji hasa, ukaliachia jingine: wafanyabiashara wakarudishiwa kazi ya kusafirisha, nao wakakubali kununua sehemu ya karafuu zao kwa chama.

Basi ukigombana na mwenzio juu ya bei au shirika, usikome kwa kumwuliza, "Wataka nini?" Mwulize tena, "Walitakia nini?" Mara nyingi suluhu hukaa katika jibu hilo la pili.