Meno na ambulansi: sheria ipo, mlipaji haonekani

Mjini Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, mfanyakazi akiumwa jino huuliza kwanza ni kliniki gani bado inapokea bon, hati ya matibabu inayolipwa na kampuni yake. Kanuni ya Kazi ya 2002 ilikwisha kusema: mwajiri amgharamie mfanyakazi na familia yake matibabu, ya meno yakiwemo, pamoja na safari ya mgonjwa asiyejiweza. Ndiyo maana wazo la sheria mpya ya bima ya meno na marejesho ya ambulansi linapokewa kwa kunung'unika: ya zamani inasimamiwa na nani?

Migodi mikubwa ina hospitali au mikataba yake. Shida iko kwa wakandarasi wadogo, ambao kazi yao sheria ya Februari 2017 iliwatengea Wakongomani. Mwenye kliniki mmoja, aliyeomba asitajwe, analalamika kwamba wanaleta wagonjwa mbio na kulipa kwa kujivuta. Ankara hurudi imechorwachorwa: kung'oa kumekubaliwa, kuziba kumekatwa, jino la bandia limeitwa urembo. Ganzi anainunua kwa dola taslimu. Bon inalipwa baada ya miezi, na mkandarasi akipoteza kazi mgodini, hailipwi kabisa. Siku hizi, asema, anampigia simu mhasibu wa kampuni kwanza, ndipo mgonjwa aambiwe afungue mdomo.

Ambulansi ina hesabu yake. Kolwezi, adui ni foleni ya malori ya shaba na asidi. Musumba, kule Kapanga, ni mamia ya kilomita za udongo, na familia hutakiwa kutia mafuta kabla dereva hajawasha gari. Bei moja ya marejesho kwa mkoa mzima itamfaa nani?

Ofisa mmoja anaamini mutuele, yaani mifuko ya kusaidiana, zilizopata sheria yake siku moja na ile ya wakandarasi, 8 Februari 2017, zitawabeba wachimbaji wadogo na mama wa sokoni. Huenda. Lakini mchimbaji hana mshahara wa kukatwa, na tangu usafirishaji wa kobalti nje ya nchi usimamishwe Februari 2025, kisha kuwekewa mgao Oktoba, kipato chake cha gunia la madini hakina uhakika. Bima binafsi, zilizofunguliwa mlango na sheria ya 2015, zinamtafuta mwenye mshahara.

Mwenye kliniki angesaini na yeyote atakayelipa ndani ya mwezi. Ofisa, alipoulizwa kuhusu muda wa kulipa, alirudi kwenye mutuele.