Unavuta Trela Kwenda Diani? Mafuta ya Kurudi Si Sawa na ya Kwenda

Desemba iliyopita tulikuwa watu wazima sita na Prado moja ya dizeli, na nyuma yake tumefunga trela ya kupigia kambi tuliyokodisha Nairobi. Safari ilikuwa ya siku tatu: Tiwi kwa kulala, Diani kwa kuogelea, Msambweni kwa kusalimia wazee. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukachanga pesa ya mafuta, na dada yangu akachaguliwa kuishika. Kila mmoja alimtumia 3,200 kwa simu, jumla 19,200.

Safari ilikuwa tamu hadi dakika kumi za mwisho.

Tuliporudi tulisimama Mlolongo, kituo kilekile tulichoanzia. Makubaliano na binamu yetu mwenye gari yalikuwa rahisi: analeta gari likiwa na tangi limejaa, na tunamrudishia likiwa limejaa. Mhudumu wa pampu akajaza, akasoma: lita 75. Dada akafungua simu, akanyamaza. Pesa iliyobaki ilikuwa 6,790. Iliyohitajika ilikuwa 12,750.

"Sista, hiyo pesa ingine imeenda wapi?" binamu akauliza.

Hakusema kwa ubaya. Lakini ukishashika pesa ya watu, swali kama hilo halina sauti ya upole. Gari zima lilimgeukia dada.

Hakubishana. Alifungua orodha ya malipo yake, akasoma moja baada ya lingine: mahali, saa, kiasi, jina la kituo. Hakuna hata shilingi moja iliyoenda kwa soda. Sasa kama hakuna aliyekula pesa, nani alikula mafuta?

Hesabu tuliyopiga, na hesabu ya ukweli

Kabla ya safari tulimuuliza binamu gari linaenda kilomita ngapi kwa lita. Akasema kumi. Hakudanganya, bila trela, barabara kuu, linafika hapo. Kutoka Mlolongo hadi Tiwi ni karibu kilomita 490, kwa hivyo tukaandika lita 49 kwenda, lita 49 kurudi, na lita 12 za kuzunguka huko. Jumla lita 110. Hapa nitatumia shilingi 170 kwa lita kila mahali ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni 18,700. Tukaongeza kidogo, tukaona tumetosheka.

Hivi ndivyo mambo yalivyoenda kweli:

- Kwenda, trela ikiwa nyuma: lita 61, yaani kilomita 8 kwa lita. Shilingi 10,370.
- Kuzunguka Diani, Msambweni na Kwale bila trela: lita 12. Shilingi 2,040.
- Kurudi, trela ikiwa nyuma: lita 75, yaani kilomita 6.5 kwa lita. Shilingi 12,750.

Jumla 25,160. Pengo ni 5,960. Angalia pia mstari wa katikati: bila trela, gari lilirudi kwenye kilomita zake kumi. Gari halikuwa na shida. Binamu alitupa hesabu ya gari, na sisi tukaitumia kwa gari na trela.

Trela inakula mafuta kwa njia nne

*Hewa.* Watu wengi hufikiria uzito kwanza, lakini kwenye barabara tambarare ya mwendo kasi, kama ile ya Tsavo kati ya Mtito Andei na Voi, adui mkubwa ni upepo. Trela pana yenye hema lililokunjwa juu yake ni kama kusukuma mlango mbele ya upepo. Na upinzani wa hewa hauongezeki pole pole kama spidi. Ukiongeza spidi mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Kwa mwendo wa 110, hewa inakuzuia karibu mara mbili ya inavyokuzuia ukiwa 80. Ndiyo maana hata mzigo mwepesi juu ya gari unauma. Takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani zinaonyesha kuwa sanduku kubwa la mizigo juu ya paa linaweza kupunguza kilomita zako kwa lita kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye barabara za mwendo wa juu.

*Uzito.* Huu unakupata pale unaposimama na kuondoka: foleni ya feri ya Likoni, matuta ya Ukunda, matatu inayosimama ghafla mbele yako. Kila ukiondoka, injini inaanza upya kusukuma tani nzima. Ukipita Dongo Kundu na kutokea Kibundani unakwepa foleni ya feri, na trela yako itakushukuru.

*Magurudumu.* Trela inaongeza magurudumu yanayosaga lami, na mara nyingi ndiyo ambayo hakuna mtu amepima upepo tangu msimu uliopita. Gurudumu lililolegea ni breki ndogo ambayo haitoki.

*Mlima.* Hapa ndipo sisi tulipopigwa. Mlolongo iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Tiwi ni bahari yenyewe. Ukienda Pwani unashuka, hata kama macho hayaoni, kwa sababu mteremko umetandazwa kwa mamia ya kilomita. Ukirudi unapanda kila mita uliyoshuka. Kupandisha tani moja kwa kimo hicho kunahitaji kama lita moja na nusu ya dizeli, juu ya mafuta ya kawaida ya safari. Gari letu, trela, watu na mizigo vilikuwa zaidi ya tani tatu na nusu. Hiyo ni lita tano na zaidi kurudi, na wakati wa kwenda mteremko ulikuwa umetusaidia kuficha gharama.

Lita zilizobaki tulizitafuta wenyewe. Tulikwenda kwa mwendo wa 80 na 90 kwa sababu hatukuwa na haraka. Tulirudi Jumapili, kazi Jumatatu, dereva akikanyaga 100 na kupita. Juu ya hayo, wazee wa Msambweni hawakuacha tutoke mikono mitupu: nazi magunia mawili, maembe, na mkeka wa mtu ambaye hata hakusafiri nasi. Kubeba zawadi si kosa. Kosa ni kudhani gari halijui umezibeba.

Si habari ya wenye kambi peke yao

Kama unasoma hii ukiwa Ukunda na hujawahi kulala kwenye hema, usifunge ukurasa. Trela za huku kwetu hubeba viti na mahema ya harusi, mashua ndogo, matangi ya maji, jenereta. Hesabu ni ileile.

Tuseme una pikapu ya petroli inayoenda kilomita 9 kwa lita ikiwa peke yake, na 6 ikivuta trela iliyojaa viti. Umepata kazi ya harusi Msambweni, kwenda na kurudi karibu kilomita 60. Chukua petroli kwa shilingi 180. Bila trela utatumia lita 6.7 hivi, yaani 1,200. Na trela ni lita 10, yaani 1,800. Ukimwambia mteja bei kwa hesabu ya pikapu tupu, umemchangia harusi 600 bila kadi ya mwaliko. Kwa harusi tatu wikendi moja, ni 1,800 imetoka mfukoni mwako na bado unashangaa mbona biashara iko lakini pesa haionekani.

Na kama harusi iko Kwale mjini, fikiria tena. Kutoka Kombani barabara inapanda hadi karibu mita 400. Kila tani unayopandisha inameza mafuta ya ziada. Mwenye tuktuk anayebeba simiti kutoka Ukunda hadi Kwale anajua hili kwa sikio, injini humwambia. Shida ni kwamba hakuandika popote, kwa hivyo mteja anaposema "mbona jana ulinifanyia bei ya chini", hana la kumjibu.

Simu yako ndiyo daftari

Huhitaji kifaa chochote kujua trela yako inakula kiasi gani. Unahitaji tangi lililojaa mara mbili na malipo ambayo yameacha alama.

1. Jaza hadi juu kabla ya kufunga trela. Andika kilomita za dashibodi, au piga picha ya dashibodi. Inachukua sekunde tatu.
2. Lipa mafuta kwa till, si kwa keshi. Keshi haikumbuki chochote. Malipo ya simu yanabaki na tarehe, saa, kiasi na jina la kituo. Soma jina hilo kabla ya kuweka PIN.
3. Jaza tena hadi juu baada ya kilomita mia moja au mia mbili. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Hiyo ndiyo namba yako ya trela. Iandike kando na namba ya gari tupu.
4. Pima kwenda na kurudi kando. Ukitoka bara kwenda Pwani, usitumie namba ya kwenda kupanga kurudi. Weka akiba.
5. Angalia tarehe. EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na bei mpya huanza tarehe 15. Safari inayovuka tarehe hiyo inaweza kuanza na bei moja na kuisha na nyingine. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida bei ya Mombasa huwa chini kuliko ya Nairobi, kwa sababu mafuta huingilia bandarini.
6. Pesa ya kikundi isichanganyike na yako. Kama unaweza, iweke kwenye pochi au akaunti yake. Kila malipo yakitoka, tuma ujumbe wa uthibitisho kwenye kundi siku hiyohiyo, kabla mtu hajauliza.
7. Stetimenti ni rafiki. Ipakue baada ya safari. Kama ni biashara, ipakue kila mwezi na uchore mstari chini ya kila malipo ya mafuta.

Na lile tunalosema kila wakati: stetimenti unaweza kuonyesha watu, PIN huonyeshi mtu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN, hata kwa shida ya mafuta.

Kupunguza ulaji wenyewe

Shusha spidi, hakuna ushauri mwingine wa bure unaookoa mafuta kama huu. Funga mzigo uwe chini na ulingane, usipande juu ya paa la gari. Pima upepo wa magurudumu yote, pamoja na ya trela. Na kama trela ina tangi la maji, lijaze ukifika. Lita 100 za maji ni kilo 100, na sisi tuliyabeba kutoka Nairobi hadi Tiwi kana kwamba huko hakuna mfereji.

Lile tulilopaswa kuona siku ya kwanza

Nimerudi kwenye orodha ya malipo ya dada mara kadhaa. Kinachoniuma ni mstari wa kwanza. Tulipokaribia Tiwi, siku ya kwanza tu, alilipa lita 61. Tulikuwa tumepanga 49. Jibu lilikuwa ndani ya simu yake tangu Ijumaa jioni, na alilituma kwenye kundi. Sote tuliweka dole gumba, tukaenda kuogelea. Kama hata mmoja wetu angegawanya 490 kwa 61, tungejua mapema kwamba pesa haitatosha, tungechanga polepole, na dada asingesimama kwenye kituo cha mafuta akijitetea mbele ya familia.

Pale Mlolongo kila mmoja alituma 1,000 nyingine, na mafuta yakalipwa. Ikabaki shilingi 40. Dada aliirudisha kwenye kundi siku iliyofuata, pamoja na stetimenti nzima. Binamu akaandika, "Pole sista, nilikosea." Safari ijayo binamu ameombwa alete namba mbili, ya gari na ya trela, na dada amekubali kushika pesa tena. Ila amesema hesabu ya kurudi ataipiga yeye.

*Unapanga safari ya kikundi au kazi ya kubeba mizigo mwezi huu? Fungua programu yetu, nenda sehemu ya taarifa za malipo, na upakue stetimenti ya mwezi uliopita. Tafuta malipo ya mafuta pekee. Namba yako halisi iko hapo.*