Kipima-Umeme na Mtandao wa Redio wa Nyumbani

Mita ya umeme iliyofungwa ukutani humweleza mwenye nyumba jumla ya matumizi yake, wala haimwelezi zaidi ya hapo. Katika nyumba ya Tanzania inayotumia mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, mwenye nyumba huingiza namba yenye tarakimu 20, kisha huziona uniti zikipungua siku hadi siku. Zikiisha kabla ya wakati aliotarajia, mita haiwezi kumjulisha kama zimeliwa na jokofu, pasi, birika, au pampu ya maji iliyosahauliwa usiku kucha. Ili kuziba pengo hilo vimebuniwa vifaa vidogo ambavyo hupima mkondo wa umeme kila sekunde na kupeleka vipimo hivyo kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye simu ya mwenye nyumba. Katika makala haya kifaa cha aina hiyo kitaitwa kipima-umeme.

Aghalabu kipima-umeme hakina vitufe vya kuandikia wala kioo cha kusomea. Hata hivyo, hakiwezi kufanya kazi mpaka kijue jina la mtandao wa nyumba na neno lake la siri. Basi kifaa kisichoandikika huambiwaje siri, na siri hiyo hulindwaje isisikiwe na jirani? Jibu la swali hili limo katika fizikia ya sekondari na hesabu kidogo. Jibu hilo pia linaonyesha kwamba katika maisha yote ya kifaa hiki ziko dakika chache ambazo zinahitaji uangalifu kuliko nyingine zote.

KUPIMA MKONDO BILA KUKATA WAYA

Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika koili iliyo karibu nao. Kipima-umeme hutumia kanuni hiyo hiyo. Pete iliyozungushiwa waya mwembamba hubanwa kuuzunguka waya mkuu unaoingiza umeme nyumbani. Mkondo wa nyumbani hugeuka-geuka mizunguko 50 kila sekunde. Kwa hiyo uga wake wa sumaku nao hubadilika wakati wote, na koili hutoa mkondo mdogo unaolingana na ule mkubwa.

Mathalani, koili yenye mizunguko 2000 hutoa mkondo ulio sehemu moja ya 2000 ya ule unaopimwa. Birika la wati 2000 katika umeme wa volti 230 huvuta ampea 8.7 hivi. Koili hutoa miliampea 4.3 tu, na mkondo huo mdogo unaweza kupimwa na saketi ndogo bila madhara.

Pete ni lazima izunguke waya mmoja peke yake. Ikizungushiwa waya wa moto pamoja na waya wa nyutro, mikondo miwili inayokwenda pande zinazopingana hufutana, na kipimo husoma sifuri hata kama vyombo vyote vya nyumba vinawaka. Kazi hii hufanywa ndani ya sanduku la swichi kuu, mahali penye umeme wa kuua. Kwa hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, wala si ya mwanafunzi.

MASAFA MAWILI, LUGHA MOJA

Vipimo vikishapatikana husafirishwa kwa mtandao wa redio ujulikanao kama Wi-Fi. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu sehemu kadhaa za masafa ya redio zitumiwe kwa mawasiliano ya namna hii bila leseni, na mwaka 1997 kiwango cha kwanza cha kiufundi cha mitandao hiyo kikatolewa. Leo ruta ya nyumbani, yaani chombo kinachogawa mtandao wa intaneti, aghalabu husema kwa masafa mawili: yapata gigahezi 2.4 na yapata gigahezi 5. Gigahezi moja ni mitetemo bilioni moja kwa sekunde.

Mwanafunzi anaweza kupata urefu wa wimbi kwa kugawa kasi ya mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi ya mitetemo. Gigahezi 2.4 hutoa wimbi la sentimita 12.5, na gigahezi 5 hutoa wimbi la sentimita 6. Wimbi refu hupenya kuta za matofali na zege kwa urahisi zaidi kuliko wimbi fupi. Kwa upande mwingine, masafa ya juu yana nafasi kubwa zaidi ya kupitishia habari, ndiyo maana hupendwa kwa picha za sinema.

Kipima-umeme hakina sinema ya kupeleka. Hata kikituma baiti 100 kila sekunde, hizo ni biti 800 tu. Na kiwango cha Wi-Fi kilichotolewa mwaka 1999 kwa masafa ya gigahezi 2.4 kiliweza kufikia biti milioni 11 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huweka redio ya bei nafuu isikiayo masafa ya chini peke yake. Mfano mashuhuri ni chipu iitwayo ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoingia sokoni mwaka 2014: haina uwezo wowote wa kusikia gigahezi 5.

Hapa ndipo chanzo cha matatizo mengi kilipo. Ruta nyingi za leo huyapa masafa yote mawili jina moja. Simu huchagua masafa ya juu, na mwenye nyumba hudhani kwamba kifaa chake kimeharibika, kumbe kinatafuta mtandao katika masafa mengine. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuyapa masafa ya chini jina lake lenyewe, walau kwa muda wa kuunganisha. Sababu ya pili ni sanduku la chuma. Chuma hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kirudishavyo mwanga. Hivyo antena iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma la swichi huwa kama mtu aliyezibwa mdomo. Antena ikitolewa nje ya sanduku, mara nyingi tatizo huisha.

DAKIKA ZA KUTAMBULISHANA

Namna ya kawaida ya kukipa kifaa siri ya nyumba ina hatua nne. Kwanza, kifaa kipya kikiwashwa hujifanya ruta ndogo na kutangaza mtandao wake chenyewe. Pili, simu ya mwenye nyumba huacha mtandao wa nyumba na kujiunga na mtandao huo mdogo. Tatu, programu iliyo katika simu hukipa kifaa jina la mtandao wa nyumba na neno lake la siri, nacho huyahifadhi katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Nne, kifaa huacha kujifanya ruta, hujiwasha upya, na kuomba kupokewa katika mtandao wa nyumba.

Udhaifu uko katika hatua ya tatu. Baadhi ya watengenezaji huyasimba mazungumzo hayo, yaani huyageuza kuwa fumbo lisiloeleweka na msikilizaji mwingine. Wengine huuacha mtandao mdogo wazi kabisa. Katika hali hiyo neno la siri la nyumba hupita hewani likiwa uchi, na yeyote aliye karibu mwenye kompyuta na programu ifaayo anaweza kulinasa.

Baada ya hatua hiyo mambo huwa tofauti kabisa. Katika ulinzi uitwao WPA2, neno la siri huchanganywa na jina la mtandao, kisha hukokotolewa mara 4096 ili kupata ufunguo. Ruta hukitumia kifaa namba ya bahati nasibu, kifaa nacho hujibu kwa namba yake pamoja na uthibitisho uliokokotolewa kwa ufunguo huo. Msikilizaji wa nje husikia namba na majibu. Neno la siri lenyewe halitamkwi hata mara moja. Linalobaki kwake ni kubahatisha. Neno lenye tarakimu nane tupu lina uwezekano milioni 100, na kompyuta yenye nguvu huweza kuujaribu wote kwa saa chache au pungufu. Neno refu lenye herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo halimalizwi kwa njia hiyo.

Ipo pia njia ya kubonyeza kitufe kwenye ruta, iitwayo WPS, ambayo ilibuniwa ili kupunguza usumbufu. Pamoja na kitufe, njia hiyo ilikuwa na namba ya siri ya tarakimu nane. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kosa lake. Ruta ilikuwa ikijibu kwanza kama tarakimu nne za mwanzo ni sahihi, kisha ndipo ikakagua zilizosalia. Nayo tarakimu ya nane hupatikana kutokana na zile saba. Kwa hiyo badala ya majaribio milioni 100 yalihitajika 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa nusu ya pili, yaani 11,000 kwa jumla. Mlango ulioonekana mnene ulikuwa mwembamba mno. Ni mfano mzuri wa somo la hesabu za uwezekano darasani.

NI SIRI GANI INAYOLINDWA?

Huenda msomaji akauliza: jirani akijua matumizi ya umeme, kuna hasara gani? Katika miaka ya 1980 George Hart, aliyekuwa mtafiti katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba vyombo vya nyumba vinaweza kutambuliwa kwa kuutazama mkondo wa waya mkuu peke yake. Jokofu huwaka na kuzimika kwa mpango wake, birika hupandisha mkondo ghafla na kuushusha ghafla, pampu huanza kwa kishindo kisha hutulia. Mwaka 1989 Hart mwenyewe alitahadharisha kwamba vipimo hivyo vinaweza kugeuka upelelezi. Mwenye kuvisoma hujua wakazi huamka saa ngapi, hulala saa ngapi, na siku gani hakuna mtu nyumbani. Habari hiyo ina thamani kubwa kwa mwizi.

Hatari nyingine ni kifaa chenyewe kutekwa. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Wenye vyombo hivyo hawakuwa wameyabadili. Mwezi Oktoba mwaka huo vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kuifurika kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Kinga si ngumu. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, la ruta na la kifaa pia. Njia ya WPS izimwe katika ruta baada ya kutumika. Kifaa kiunganishwe katika mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao, ukiwa na neno lake mbalimbali na lile la mtandao wa familia. Kwa njia hiyo hata siri iliyonaswa katika dakika za kutambulishana haifungui kompyuta na simu za nyumbani. Ni desturi ile ile ya kumpokea mgeni barazani kabla ya kumkaribisha vyumba vya ndani. Na siku kifaa kitakapouzwa au kutupwa, kumbukumbu yake ifutwe kwanza, kwa kuwa neno la siri la nyumba bado limo ndani yake.