TUJUE BEI YA KILO MOJA

Hesabu tulizojifunza kisomoni zina kazi kubwa shambani. Hapa kwetu Kawetele, kama sehemu nyingine za Rungwe, mnunuzi wa viazi mviringo hutaja bei ya gunia: "Nakupa elfu sitini." Wengi wetu tunakubali. Lakini gunia lenyewe lina kilo ngapi?

Kwanza tujue gharama zetu. Tuseme mkulima ametumia hivi:

Mbegu: sh. 200,000
Mbolea: sh. 150,000
Dawa: sh. 80,000
Vibarua: sh. 70,000
Jumla: sh. 500,000

Kazi ya familia nayo ihesabiwe, kwa kiasi ambacho angelipwa kibarua. Jasho letu si la bure.

Amevuna kilo 1,000. Tugawanye: 500,000 kwa 1,000 ni sh. 500. Hiyo ndiyo gharama ya kilo moja. Akiuza kwa sh. 500, hapati faida wala hasara. Akiuza chini ya hapo, amekula hasara.

Sasa tupime magunia. Gunia la kilo 100 kwa sh. 60,000 ni sh. 600 kwa kilo. Magunia yake 10 yanampa sh. 600,000. Faida ni sh. 100,000.

Lakini mnunuzi akijaza lumbesa ya kilo 125 kwa bei hiyohiyo, kilo moja ni sh. 480. Kilo 1,000 zinatoa lumbesa 8 tu, yaani sh. 480,000. Hasara ni sh. 20,000! Viazi ni vilevile, bei ya gunia ni ileile, ila faida imegeuka hasara.

Wanaosomea uchumi vyuoni nao huanza na hesabu kama hizi. Wao huandika kwa herufi: G ni gharama yote, K ni kilo zote. G ukigawa kwa K unapata gharama ya kilo moja. Si jambo gumu.

Basi tufanye hivi: tuandike kila matumizi daftarini, tupime kwa mizani, na tupatane bei kwa kilo. Tena kanuni za vipimo nchini zinakataza kufungasha gunia la mazao zaidi ya kilo 100. Tukikataa lumbesa kwa pamoja, mnunuzi hatakimbilia kwa jirani.

ZOEZI: Mkulima wetu anapewa sh. 65,000 kwa lumbesa ya kilo 130. Je, atapata faida?

JIBU: Hapana. Kilo moja ni sh. 500. Amerudisha gharama tu.